Mashine ya Kahawa ya Mume Wangu

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Wiki mbili na siku mbili, mke wa mtu! Bado nasema “mume wangu” peke yangu jikoni, nisikie tu inavyotamkika.

Leo nimemkumbusha Haron ahadi yake: tukishaoana, tutanunua mashine ya kahawa ya kutumia kila siku, hapa hapa Woodley. Aibu kweli – mtu analipwa kuonja kahawa! Ofisini kwao mjini anavuta kijiko kwa kelele, anatema, anaandika alama, na kwa alama hizo wakulima wanapata bei. Halafu nyumbani tunakunywa chai ya majani.

Nikamuuliza tununue gani. Akasema: chagua wewe.

Chagua wewe! Mimi, Ndunge, niliyelelewa Machakos kwa chai ya maziwa! Kama huo si upendo, sijui upendo ni nini.

Jumatano, 27 Agosti

Millicent, mwenzangu kazini, amenicheka kliniki nzima isikie. Eti mtaalamu wa kahawa anamwachia mtu wa mapokezi kwa daktari wa meno achague? “Ndunge, hiyo si mapenzi, huyo ni mvivu!” Wivu tu.

Hajui mambo yetu. Tangu tuanze kuchumbiana sijipaki marashi, na asubuhi sikaangi vitunguu. Pua ya Haron ndiyo kazi yake. Leo nikiwa kwenye kioo akaja nyuma yangu akaniambia, jipulizie tu mpenzi, uko kwako. Nikalia kidogo. Raha.

Ijumaa, 29 Agosti

Stima imepotea tena. Basi ile mashine ya stima yenye jagi la kioo niliyokuwa nikiifikiria – hapana.

Jumamosi, 30 Agosti

Dukani Ngong Road msichana anaitwa Shiko alitutengenezea kahawa kwa njia tatu: ya stima, ya kukandamiza kwa kichujio, na kibirika cha alumini cha kuweka juu ya gesi. Mimi ya kwanza niliiona chungu, ya pili ina machicha, ya tatu nzito, nzuri. Haron alionja zote haraka haraka. Zote ziko sawa, akasema.

Shiko akacheka. “Boss, wasiojua kitu hukaa hapa saa nzima wakibishana. Wewe mtaalamu, dakika mbili?”

Haron hakucheka. Tukachukua kibirika.

Nyumbani nikasoma kijitabu: kabla ya kutumia, chemsha maji yenye siki. Nikachemsha. Nikatia kahawa, nikawasha gesi, nikaimba! Nikampelekea kikombe. Akanywa chote, akafumba macho. Hii ndiyo yenyewe, akasema, umechagua vizuri.

Nikarudi jikoni kujimiminia. Siki! Siki tupu! Sikuwa nimeyamwaga yale maji ya kusafishia.

Nikajiambia: amevumilia kikombe kizima ili asinivunje moyo. Mume gani huyu! Nikatoka mbio nikicheka, nimwombe msamaha kwa ile siki.

Akaniangalia.

“Siki gani?”

Jumapili, 31 Agosti

Leo hatukwenda kanisani. Ameniambia yote, ameketi kitandani, soksi moja mkononi.

Ni yale mafua ya Julai. Wiki tatu kabla ya harusi. Yalipoisha, yaliondoka na kila kitu – harufu, ladha. Alidhani vitarudi. Kila asubuhi hufungua mkebe wa kahawa, anavuta pumzi. Hakuna.

Na kazini? Anasimama mkabala na Bwana Were, mwonjaji mkubwa kuliko wote. Were akiinua nyusi, Haron anaandika alama za juu. Akikunja uso, anashusha. Wiki sita! Jasho la mtu kule Murang'a limepimwa kwa nyusi. Mama yake Haron mwenyewe ana kahawa kule.

Kesho kuna mtihani. Kila mwonjaji peke yake chumbani: vikombe vitatu, viwili kahawa moja, kimoja tofauti. Ukikosea kukitaja hicho tofauti, hushiki kijiko tena. Nilimsihi awaambie ukweli kabla hawajaanza. Akasema nimpe leo tu.

Basi “chagua wewe” haikuwa zawadi. Hakuwa na cha kuchagulia. Na marashi – hata ningejipaka mafuta ya taa, asingejua.

Nikamuuliza, na harufu yangu je? Siku ya harusi, tulipocheza, umeniegemea shingoni?

Akaigeuza ile soksi mkononi. “Naikumbuka,” akasema.

Niliingia bafuni nikafungua bomba, nikalia.

Saa kumi jioni sasa. Amenisihi tufanye mazoezi. Nimempangia vikombe mezani: viwili vimetoka kwenye kibirika sasa hivi, kimoja ni kahawa iliyolala tangu jana, nimeipasha moto. Hata mtoto angekijua. Anavuta kijiko kama kazini, kwa ile kelele niliyokuwa nikiichekelea. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Amerudia. Amerudia tena.

Anashika cha kwanza, ananitazama. Anashika cha pili, ananitazama. Anapitisha mkono juu ya cha tatu, polepole, macho kwangu. Vikombe havitazami kabisa.

Nimevuta daftari hili nikainama. Naandika, naandika chochote, asiuone uso wangu.

“Ni hiki?”

Naandika.

“Ndunge. Hebu inua kichwa kidogo, mama.”