Maji ya Nyumba Sita na Amina Yako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo hukohuko uliko, na ukishaitikia marahaba kaa kitako, maana leo nataka tugombane.

Baada ya arubaini yako nilikwenda mjini kwako Ibra kulitoa jina lako kwenye mita ya maji. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: nirejeshe funguo za nyumba ya wakfu uliyokaa uzeeni, nitoe vyombo, khalas. Kumbe mita ile moja inalisha nyumba zote sita za wajane, na kila bili ina jina lako. Msimamizi wa wakfu akanambia, "Nyumba ni zetu, maji ni ya wakaazi. Mama yako ndiye aliyekubali kuwachangisha wenzake."

Mama, hukumchangisha mtu. Nilipomuuliza Bi Zuhura, jirani yako wa ukuta mmoja, alinishangaa. "Maji yamo ndani ya wakfu, mwanangu. Si mama yako mwenyewe aliyetwambia?"

Sadaka ya siri, najua. Ulitufunza tangu wadogo kuwa mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Lakini mimi ni mkono gani, Mama? Nilikuletea pesa za miwani ukazipokea, mwaka ukapita ungali unasoma msahafu kwa kioo kilekile kilichopasuka. Nikakwita bahili. Ulicheka tu, ukanimiminia kahawa. Neno lile linanichoma mpaka leo, na wewe hukusema hata nusu.

Sasa ama niwaambie wazee wa watu walipe, siri yako ifichuke, ama maji yakatwe, ama nibebe mimi. Umenibana vizuri.

Ijumaa nikakaa kwenye mkeka mnaokutania wajane baada ya alasiri, nimejikaza niseme. Bi Zuhura akainua mikono kama ada yenu, akamwombea dua aliyewapa maji. Kisha akanigeukia. "Mama yako alikuwa akiitikia amina kutushinda sote."

Yaani ulikuwa ukijiombea mwenyewe, mchana kweupe, uso mkavu.

Jumapili nikaiandikisha mita kwa jina langu, nikinung'unika njia nzima mpaka kwangu Nizwa. Na Ijumaa hii, walipomwombea tena mtu wao, niliitikia amina mpaka Bi Zuhura akafumbua macho kunitazama.

Radhi zako nazitaka, lakini hasira zangu hazijesha.

Mwanao, uliyemficha