Mama wa Uji Mweusi

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na Baba bado anateleka chai ya watu wawili.

Uliacha nyumba imejaa vifuu vya nazi. Vifuu chini ya kitanda, vifuu nyuma ya mlango, vyote vya kuchoma upate mkaa wa kutengenezea betri za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Jirani alipoona moshi alikuja kuuliza bei ya gunia. Ulimkaribisha ndani, ukamweleza habari za betri mpaka akasahau kilichomleta. Kufupisha maneno hukujaliwa. Ukiulizwa saa ngapi, ulianza na betri ya saa.

Kwenye kiwanda cha betri ulikofanya kazi walikuita Mama wa Uji Mweusi. Mkaa ule husagwa, hukorogwa na gundi ukawa uji, kisha hupakwa juu ya karatasi ya alumini na kukaushwa. Miaka yote uji huo ulikorogwa kwa dawa yenye sumu inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke akishika mimba alitolewa chumba cha kupaka, akapelekwa kwenye kazi ya mshahara mdogo. Fundi mmoja wa mashine, uliyempenda kama mdogo wako wa tumbo moja, alikuwa anaahirisha kuzaa kwa sababu hiyo. Ukaapa kwamba uji utakorogwa kwa maji.

Maji yakakutia adabu. Kila ulichopaka kilikauka, kikapasuka, kikabanduka. Ulirudi nyumbani na weusi hadi kwenye nyusi, ukasugua sufuria zote kwa hasira. Siku zako mbaya tulizijua kwa jinsi jiko lilivyong'aa. Meneja akakushauri uchanganye na ile dawa ya zamani, kidogo tu, mambo yaishe. Wenzako wanasema hukupandisha hata sauti.

"Sawa," ulimwambia. "Ila wewe ndiye utakayemwambia huyu dada asizae."

Hatimaye uligundua kwamba kosa halikuwa la maji, lilikuwa la tanuri la kukaushia. Ulipunguza moto wa mwanzo, uji ukapata nafasi ya kukauka taratibu. Meneja alinung'unika kwamba sasa mashine inatambaa, nawe ukamjibu mwenda pole hajikwai. Akakubali mjaribu kwa mashine moja. Lakini ugonjwa haukusubiri majibu. Pale hospitali, hata sauti ilipobaki mnong'ono, ulituuliza kama uji umebanduka, na hatukuwa na la kukuambia. Hilo lilituuma kuliko yote.

Tulikuita mkaidi, Mama, tena mbele ya wageni. Ulikuwa mkaidi kweli, na tunajivunia ukaidi wako.

Sasa jibu tunalo: haukubanduka. Juzi yule fundi alikuja kututembelea. Alisema mashine zote sasa zinatumia maji, na mapipa ya ile dawa yameondolewa kiwandani. Yeye mwenyewe bado yuko chumba kilekile cha kupaka, na mshahara wake uleule. Alitueleza haya akiwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia kuingia. Baba alilia, kisha akamvutia kiti.

Unakumbukwa na mume wako, wanao watatu, dada yako mkubwa, wakwe zako, wajukuu, na mafundi wote wa chumba cha kupaka.

Hatutakusahau kamwe, Mama.