Taa za Maulidi Nilizoziita za Krismasi

Mpendwa mshauri,

Kabla hujasoma zaidi nakusihi ufunge mlango, na ukimaliza uichane barua hii, usimwonyeshe mhariri wala mpiga chapa wala mkeo, maana neno moja likivuja mimi sina kazi.

Naomba msaada. Mimi ni karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya Serikali, nimetoka Bukoba miezi mitano iliyopita, nimepanga chumba Temeke, na bado niko katika majaribio hadi mwisho wa Januari. Siku chache kabla ya Krismasi mke wa Bwana Mkubwa aliingia ofisini akauliza kama Waafrika nao hupamba mitaa yao kwa sikukuu hiyo, makarani wenzangu wakainamia taipu zao kwa busara, mimi peke yangu nikasimama nikasema, "Ndiyo, memsahibu, Temeke mtaa mzima umepambwa," kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimewaona vijana wakitundika bendera za karatasi na fanusi za rangi, nikafurahi moyoni nikidhani Wakristo wa Temeke ni wengi kuliko nilivyoambiwa.

Akaniagiza niwaongoze kwa miguu, yeye na rafiki zake watano, waone taa na waonje vitamu vya wenyeji. Kesho yake saa moja jioni tuliacha motokaa barabarani, nikatangulia na fimbo mkononi kama mwalimu wa drili, na hatukupita hata nyumba tatu nikasikia dufu na kasida, nikatambua kwamba hii si Krismasi, ni Maulidi, ambayo mwaka huu imeangukia wiki moja na Krismasi. Mtu mwenye akili angesimama hapo akasema. Mimi niliendelea na fimbo yangu.

Dukani kwa Alibhai, mkewe Kulsumbai alitugawia jalebi, nami nikaeleza kwamba Wahindi wa Temeke hawawezi Krismasi bila jalebi. Barazani kwa Mzee Mfaume, chini ya karabai nne, mzee alituletea sinia la halua akasema, "Karibuni, wanangu, leo amezaliwa Mtume wetu, halua haina mwenyewe." Memsahibu akauliza mzee kasema nini. Nikamjibu, "Anawatakia Krismasi njema." Binti wa mzee, Mauwa, ambaye kumbe amesoma Kiingereza, alininong'oneza huku akinimiminia kahawa, "Kaka, baba yangu amebatizwa lini?"

Sasa memsahibu amewasimulia Wazungu wenzake wote. Jumamosi ya wiki ijayo anarudi na wageni kumi na wawili, maana taa bado zipo, wenyeji husoma Maulidi mwezi mzima, na anakuja na padre aliyekaa pwani miaka ishirini, anayejua Kiswahili kuliko mimi, ili amshukuru Mzee Mfaume hadharani kwa halua yake ya Krismasi. Nimefikiria kuugua homa siku hiyo, nimefikiria kumwomba mzee aitikie tu, nimefikiria hata kurudi kwetu. Nifanye nini?

Usiniandikie ofisini, karani mkuu hufungua barua zetu. Tia jibu katika bahasha isiyo na jina la gazeti, andika juu yake jina la bandia, "Felicitas", uiache kwa Benedikto, fundi cherehani aliye mkabala na soko la Temeke, umwambie ni ya suruali ya Mhaya, naye ataelewa.

Karani Mwenye Hofu


Ndugu Karani,

Umeliandikia gazeti ukiomba siri. Hongera, ni sawa na kupanda mnarani ili unong'one. Kwa Benedikto sikwenda, suruali ninazo. Wala usimwogope memsahibu kuyasoma haya: hajui Kiswahili, akitaka kujua tumeandika nini atakuita wewe umfasirie, na tumeshaona unavyofasiri.

Kosa lako la kwanza nakusamehe, ni la mgeni. Uliona taa za sherehe ya kuzaliwa, ukakosea aliyezaliwa tu. La pili halina ugeni ndani yake. Mzee wa watu alikukaribisha kwa dini yake, ukamtia mdomoni dini yako, tena huku unatafuna halua yake. Karani anayebadili maneno ya mtu yakiwa njiani, Serikali imwajiri wa nini?

Homa ya Jumamosi kila daktari anaijua. Acha.

Nenda kwanza kwa Mzee Mfaume, leo. Mwamkie, kaa chini, mwambie neno kwa neno ulichosema kwa niaba yake. Atacheka au atakufukuza, yote mawili unayastahili. Akikusamehe, mwombe ruhusa wageni waje waione Maulidi kwa jina lake halisi, na akikataa, hiyo safari haipo. Kisha nenda kwa memsahibu kabla hajatuma kadi zake za mwaliko: "Ilikuwa Maulidi. Nilikosea. Nilipojua, niliogopa." Umeshapiga taipu barua ndefu kuliko maneno hayo. Huenda ukafukuzwa. Lakini utafukuzwa kwa neno lako mwenyewe, na mtaani Temeke utapita mchana.

Ila usichelewe. Padre wako ni msomaji wetu wa miaka mingi, na gazeti hili humfikia pamoja na chai ya asubuhi. Kama umeufikia mstari huu na bado umekaa, inuka.

Mshauri