Shibiri Moja na Vidole Viwili

Jumanne, 9 Julai 1996

Kasmiri amefariki alfajiri. Miaka ishirini na tisa ya ndoa. Chai yake niliichemsha kama kawaida, nikakumbuka kwamba hayupo ikiwa tayari.

Nimekwenda posta kumpigia Nyamizi, mwanetu wa pekee, yuko Dar. Alilia mpaka dada wa posta akageuza uso. Halafu: anakuja na ndege, Alhamisi asubuhi. "Mayu, mama yangu, msimzike baba sijamwona." Nimemwahidi.

Ndege! Siku hizi kuna za watu binafsi, kama ilivyo kwa wanunuzi wa pamba.

Jumatano, 10 Julai

Ngeleja, mdogo wake marehemu, anataka kujua saa ya maziko. Kaburi likishachimbwa halilali wazi, na jua likizama hatuziki. Kwa hiyo safari ya Nyamizi ndiyo itakayosema majembe yaanze lini.

"Shemeji, wewe una darasa la nne. Tupigie hesabu."

Nikashusha kalenda ya kampuni ya pamba, ile yenye ramani. Dar mpaka Mwanza, shibiri moja kamili. Nyamizi alisema hiyo ni saa moja na nusu angani. Mwanza mpaka hapa Bariadi — vidole viwili tu! Nikawaambia: anatua saa mbili asubuhi, saa saba mchana yuko hapa. Chimbeni kukipambazuka.

Ndege ikipita juu ya shamba letu, Kasmiri alikuwa akivua kofia. Anaegemea jembe, anaitazama mpaka ipotee. "Huyo atakunywa chai Dar mimi sijamaliza tuta hili." Kisha anarudi kwenye tuta lake.

Alhamisi, 11 Julai

Saa saba. Hajafika.

Saa nane. Jeneza liko sebuleni. Kaburi tayari — kwa neno langu.

Saa tisa. Amepita dereva wa lori la pamba. Ndege ilitua salama, saa mbili kamili! Lakini gari alilopanda Nyamizi Mwanza limekatika springi kabla ya Lamadi. Amepata lori jingine, liko nyuma. "Zee hilo, mama. Kwenye kilima abiria wanashuka kusukuma."

Shibiri nzima kwa saa moja na nusu. Vidole viwili siku nzima! Njia hii nimeipita mara ngapi, na bado niliamini karatasi.

Saa kumi na nusu. Wazee wanatazama jua. Wengine wananong'ona kwamba hesabu za mwanamke ndizo hizi. Shangazi Milembe amewajibu kwa Kisukuma, wakarudi kutazama jua. Ngeleja amesema kwa upole: shemeji, hatuwezi kungoja zaidi.

Katekista Nyanda akauliza iko wapi historia ya marehemu. Lazima isomwe kabla jeneza halijainuliwa. Mwandishi ni mimi. Nikasema sijaimaliza. Kweli sijaimaliza.

Nimejifungia chumbani. Kwenye karatasi ya historia nimeandika kuzaliwa kwake, ng'ombe aliowachunga, ubatizo. Nikikwama naandika humu. Kalamu isisimame, wanaisikiliza.

Saa kumi na moja. Ngeleja amebisha hodi. "Umefika wapi, shemeji?"

Nimemjibu ukweli: mwaka sabini. Nyamizi anazaliwa.

Nikasikia akivuta kigoda nyuma ya mlango, akakaa hapo hapo. Mtu akaja kuuliza, naye akamwambia: "Bado. Mwacheni aandike vizuri."