Nilimwita wifi yangu mwizi, kumbe aliyefungua mlango ni mimi

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukishamaliza kusoma unigombeze unavyotaka, maana nyumbani kwangu hakuna mtu ninayeweza kumwambia haya.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za watoto njiti, vile vikofia na vigauni ambavyo mtu akiviona anadhani ni vya mwanasesere, na wateja wangu wengi wako nchi za mbali, wananilipa kwa ile huduma ya malipo ya mtandaoni, pesa inaingia kwenye akaunti kisha naitoa kwa simu. Sikuanza peke yangu. Nilianza na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane aliyekuja kukaa nasi miaka tisa iliyopita, na yeye ndiye aliyekuwa akifanya ile kazi inayonishinda mimi, kupinda shingo za nguo na kutia vifungo vidogo kama punje ya mahindi. Tulikuwa tukikaa chumba cha mbele, yeye dirishani, mimi kwenye cherehani, tunabishana kutwa nzima kuhusu redio, yeye anataka taarifa ya habari mimi nataka nyimbo, na mume wangu akirudi kutoka kwenye kazi zake za bomba anasema ninyi wawili mtakuja kuzikana.

Mwaka juzi macho yakaanza kumsumbua. Hospitali wakasema ni presha ya macho, daktari akatueleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini operesheni italinda kilichobaki, kwa hiyo tusicheleweshe. Tukakubaliana kila kinachoingia kwenye ile akaunti kisiguswe mpaka kitimie. Tulijibana miezi kumi na moja. Kikatimia, tukapewa tarehe.

Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo nikapata barua pepe, ina nembo ileile ya ile huduma na rangi yake ileile ya bluu, imeandikwa: Mpendwa mteja, akaunti yako imesimamishwa, thibitisha taarifa zako ndani ya saa ishirini na nne la sivyo salio lako litazuiliwa. Wifi alikuwa hapo hapo dirishani, nikamsomea, akaniambia, "Wifi, si tungoje kesho tumuulize mtu anayejua?" Nikamjibu, "Ukingoja kesho pesa yako imeshafungiwa, wewe tia vifungo." Nikabonyeza pale palipoandikwa thibitisha, ukafunguka ukurasa, nikaweka neno la siri, simu ikaleta namba za uthibitisho, nikaziweka nazo, ukurasa ukaniambia asante, akaunti yako sasa iko salama. Nikafurahi kabisa, na baada ya siku mbili nilikuwa nimeshasahau kama kulikuwa na barua.

Siku ya nne nafungua akaunti nakuta hakuna kitu. Imeandikwa tu kwamba pesa imetumwa kwa mtu fulani, jina silijui. Mshauri, neno la siri tulilijua watu wawili tu, mimi na wifi, na wiki ileile mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa amemsumbua mama yake mwaka mzima kuhusu pikipiki, akaja nyumbani juu ya pikipiki mpya. Nikaona sina haja ya kuuliza zaidi. Baadaye nimejua aliichukua kwa mkopo, lakini siku ile hata nisingesikia.

Nikamwambia mume wangu. Mume wangu akaita ndugu, wakakaa sebuleni, akamwambia dada yake, "Dada, rudisha tu, yaishe." Wifi akasema, "Hizo ni pesa za macho yangu. Nijiibie ili nipate nini?" Nikamjibu mimi, mbele za watu, "Uliogopa kisu cha daktari, ukaona bora mwanao apande pikipiki." Akainuka akaingia chumbani kwake. Kesho yake akafunga nguo zake kwenye mfuko mmoja akaenda kukaa kwa mwanawe, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, na tarehe ya operesheni ikapita.

Nilibadilisha neno la siri nikabaki nalo peke yangu. Imepita miezi mitano. Mwezi uliopita ikaja barua nyingine, maneno yaleyale, saa zilezile ishirini na nne. Safari hii nikaipeleka kwa dada wa duka la kuchapisha karatasi. Akagusa pale kwenye jina la mtumaji, ikatokea anwani ndefu isiyoeleweka, akasema, "Dada, hii si huduma yoyote, hawa ni matapeli wanavua watu kama samaki. Umewahi kuibonyeza?" Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani nikaitafuta ile barua ya kwanza, nikagusa jina, anwani ni ileile.

Juzi nilikwenda kununua uzi nikamkuta wifi dukani. Alikuwa ameushika uzi karibu na pua, anamwuliza muuzaji ni mweupe au wa maziwa. Muuzaji akamwambia ni wa bluu, mama. Akasikia kuna mtu nyuma yake, akageuka, akanitazama usoni kabisa, tuko hatua moja, akasema, "Samahani mwenzangu, nakuzibia njia?" Nikatoka nje, nikaenda kulia nyuma ya duka.

Nina nusu ya pesa ya operesheni na nina cherehani ya pili ninayoweza kuuza. Nilikuwa nafikiri niipeleke hospitali, niwaambie wamwite, wamwambie amelipiwa na msamaria mwema. Sasa naomba kujua, mshauri, nikifanya hivyo si nitakuwa nimelipa? Ni lazima mume wangu ajue? Ameapa hatamtembelea dada yake mpaka aombe radhi, na kila nikimwona anakula kimya najua anamuwaza. Akijua ni mimi, sijui kama nitakuwa na nyumba.

Fundi wa njiti

*

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nililia nawe, mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo utapata vyote viwili.

Kutapeliwa kwanza, maana hapo unajibebesha mzigo usio wako. Barua za namna hiyo wameziamini wahasibu na wanasheria. Zinatengenezwa na watu ambao kazi yao ni hiyo kuanzia asubuhi, wanaiba nembo, wanaiba rangi, kisha wanakutia hofu na kukunyima muda wa kufikiri. Hofu na haraka vikija pamoja kwenye ujumbe mmoja, weka simu chini, nenda kanywe maji. Na ungetazama vizuri ungeona walikuita "mpendwa mteja", wakati huduma yako halisi, nina hakika, huwa inakuita kwa jina ulilojiandikisha. Hata hivyo jina peke yake lisikupumbaze, siku hizi wengine wanalo. Gusa jina la mtumaji usome anwani yote, kama alivyofanya yule dada wa duka. Usibonyeze kiungo chochote kilichomo ndani ya barua. Ukiwa na wasiwasi na akaunti yako, ifunge barua, fungua huduma yenyewe kwa njia unayoingilia kila siku, na kama kuna tatizo utalikuta huko. Na zile namba za uthibitisho zinazokuja kwenye simu ni zako wakati wewe mwenyewe unaingia au unalipa. Anayezitaka kupitia barua au kwa kukupigia, hata akijiita mkurugenzi, ni mwizi.

Leo hii badilisha neno la siri la akaunti, na la barua pepe pia, yasifanane. Watumie taarifa huduma yenyewe, uende polisi pia. Siwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi, miezi mitano ni mingi, ungetoa taarifa siku ileile pengine wangeizuia. Nenda tu. Kisha rudi kwa yule dada, mwambie ukweli kwamba uliibonyeza, akuchapishie barua zote mbili, na ile anwani ionekane. Utazihitaji.

Sasa tuje kwenye kosa lako, fundi.

Matapeli walichukua pesa. Jina la wifi yako hawakuligusa wao. Mwanamke amekaa nawe miaka tisa, akakushauri mngoje kesho ukamdharau, halafu ulipopotelewa ukamtazama yeye badala ya kujitazama wewe. Hukumuuliza hata swali moja. Na tangu mwezi uliopita unajua ukweli, unalala na mume wako chumba kimoja ukimwacha aendelee kumchukia dada yake bure. Amekuomba samahani dukani, yeye kakuomba wewe, nawe ukatoka nje. Nisikufiche, hapo ndipo niliponyanyuka kwenye kiti.

Na huyo msamaria mwema mzike leo. Unataka wifi yako akalale kitanda cha hospitali akiwa bado mwizi kwa kaka yake, tena asijue ametibiwa na nani? Mtu wa namna hiyo hajalipa, amejificha vizuri zaidi.

Unaniuliza kama utakuwa na nyumba. Sijui. Mume wako atakasirika, na ana haki, kwa sababu ulimfanya aseme mbele za watu maneno ambayo hawezi kuyarudisha. Inawezekana atanyamaza wiki nzima, inawezekana zaidi. Lakini ulivyoniandikia, huyo bwana anakula kimya kwa kumkosa dada yake. Usimnyime dada yake kwa kuogopa hasira zake.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiyapange upya. Kesho asubuhi nenda hospitali uombe tarehe ya karibu, uwaeleze kwamba mgonjwa amechelewa miezi mitano na sasa hatofautishi rangi za uzi. Uza cherehani, na ikipungua, kopa kwa jina lako. Jioni mume wako akirudi kazini mwekee zile karatasi mbili mezani, mwambie, "Aliyefungua mlango ni mimi." Usianze na matapeli, anza na wewe. Kisha waiteni ndugu walewale, sebule ileile, yule kijana wa pikipiki naye awepo maana na yeye mlimchafua, useme kwa sauti ileile uliyoitumia siku ile. Baada ya hapo ndipo uende nyuma ya mashine ya kusaga, na mume wako akikubali, muende wote.

Ukifika jitaje jina kabla hujakaa. Usimwombe akusamehe siku hiyo, usimlilie mpaka akubembeleze wewe. Mwambie tarehe ya hospitali, mwambie ndugu wameshajua, unyamaze umsikilize.

Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, ondoka, na siku ya tarehe urudi kumchukua. Mshike mkono kwenye ngazi za hospitali, umsomee karatasi wanazotaka atie sahihi, neno kwa neno, ungoje nje mpaka atoke. Na kama baada ya hayo yote atakwambia hajakusamehe, mwitikie, umfikishe nyumbani salama, na tarehe ya kliniki inayofuata uende tena.