Tundu la Hewa la Stoo ya Kanisa

Kitui Mjini,
9 Agosti 1983

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako Kalunde. Mimi ni mzima, ila vidole vinaniuma kwa kupiga taipu ripoti za ofisi mchana kutwa. Je, mgongo wako umepata nafuu? Na yule mbuzi mweusi amezaa? Nasikia visima vimeanza kukauka. Tafadhali Mama asiende mbali kuchota maji, mdogo wangu Nzomo yupo na mabega anayo.

Baba, kuna jambo sijawahi kukuambia. Kwa miaka miwili, kila nitokapo kazini, nimekuwa nikiandika hadithi ndefu. Ni ya msichana aitwaye Syokau. Mjomba wake anamfungia ghalani ili amwoze kwa nguvu, naye anatoroka kupitia tundu la hewa. Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kumwona mhariri wa vitabu, Bwana Njogu, mtu mpole wa makamo. Aliisifu kazi yangu, lakini alipofika penye lile tundu alicheka hadi akavua miwani. Akasema hayo ni mambo ya sinema, ambako mtu hutambaa katika mashimo ya hewa na bastola mkononi, wala shati halichafuki. Huku kwetu, alisema, tundu la hewa hupitisha nyuki na popo tu. Akaniomba nimpe Syokau ufunguo wa kuiba, yaishe.

Nilikataa. Nilimweleza kwamba unatanguliza mkono mmoja, kichwa umekigeuza upande. Mkono wa pili unaulaza ubavuni. Ukifika kifuani unatoa pumzi yote, maana ukivuta hewa utakwama. Simiti inakuchubua nyonga. Na ukiwa unaingia, ndani hakuna pa kushika, basi unaangukia magunia kwa viganja.

Bwana Njogu aliacha kucheka. Akaniuliza, "Na wewe umeyajuaje haya?"

Nilisema nitamwandikia, nikatoka. Njiani kurudi nililia sana, hata mama mmoja niliyeketi naye akanipa ndizi akidhani nimefiwa.

Baba, nimeyajua kwa sababu nimepita humo. Unaukumbuka mwaka ule wa njaa ya atta, tulipoishi kwa unga wa msaada. Nilikuwa na miaka tisa, Nzomo alikuwa mchanga, na maziwa ya Mama yalikuwa yamekauka. Wewe ulikuwa unamalizia stoo ya kanisa, ambamo chakula cha msaada kilikuwa kimeshawekwa. Tundu la juu ya mlango lilikuwa bado halijatiwa waya, na ngazi yako ya miti ilikuwa imesimama hapo hapo. Alasiri moja, kina mama wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilipanda nikaingia, nikachukua mkebe wa maziwa ya unga, nikatoka kwa kupanda magunia. Nilirudi mara mbili zaidi. Mama nilimwambia kuwa nesi mmoja alinihurumia. Aliamini, au alichoka kuuliza.

Mzee Ndululu, aliyesimamia stoo, alipohesabu mikebe, aliona mitatu haipo na kufuli halijavunjwa. Wenye funguo mlikuwa wawili, yeye na wewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa siku waliyokuondoa katika wazee wa kanisa na kukuzuia Meza ya Bwana. Ulisema mara moja tu, "Mimi sikuchukua," kisha ukaketi. Nilikimbilia nyumbani. Baadaye, usiku baada ya usiku, niliapa nitasema kesho. Kesho hiyo imechukua miaka kumi na minane. Na wewe hukuhama kanisa, wala hukumchukia mtu. Ulikuwa ukinipeleka shule umenibeba mabegani, mimi mwizi wako.

Juma lililopita nilisikia Mzee Ndululu yuko hapa mjini kwa mwanawe, anatibiwa macho. Nilikwenda nikamwambia yote. Akauliza kama maziwa yale ndiyo yaliyomkuza Nzomo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nzomo ndiye anayenishika mkono kila Jumapili kunipeleka ibadani." Kisha yule mzee akalia, Baba, nami nikalia naye, hata mkamwana wake akaja mbio kuona kuna nini.

Hakunikaripia. Alisema kosa langu lilikuwa la mtoto mwenye njaa, lakini lake lilikuwa la mtu mzima aliyetaka jibu la haraka. Ameomba twende pamoja. Tutafika Jumamosi. Jumapili nitasimama mbele ya ushirika wote niseme nilichofanya, naye atakuomba msamaha kwa kinywa chake mwenyewe. Bwana Njogu nimemwandikia pia. Nimemwambia kwamba Syokau atapita palepale nilipompitisha.

Nisamehe, Baba. Sikuandika haya ili unihurumie. Nimeyaandika kwa sababu hakuna mtu ninayempenda kama wewe, na ni wewe niliyemwacha abebe mzigo wangu. Msomee Mama barua hii taratibu. Nzomo mwambie mwenyewe, kwa maneno utakayoona yanafaa.

Wasalimu wote wa boma letu, na shangazi Mbinya nimemshonea leso. Nikifika Jumamosi, kama utataka kunikaripia, nikaripie kwanza tukiwa nyumbani, ili Jumapili niweze kusimama.

Ni mimi mwanao,
Kalunde