Baba, Wataniuliza Kuhusu Mtaa Wetu

Mpendwa baba,

Shikamoo. Huku Shinyanga joto limekaza, na mimi silali vizuri. Nimeomba nafasi ya kusomea uzamivu, masomo ya miji na sera za jamii, na kesho asubuhi nina usaili. Ungekuwepo ungeshawatangazia ndugu zetu wote wa Mhunze kwamba mwanao anakuwa daktari, kisha ungehangaika kuwaeleza wagonjwa kwamba si daktari wa sindano.

Andiko langu linahusu watu wa machimbo wanaohamishwa: wanakwenda wapi, wanaishije, nani anawasemea. Nimechagua mtaa wetu wa kule Geita, ule ambao wewe ulikuwa mwenyekiti wake. Kwa hiyo unajua kwa nini nakuandikia.

Nakumbuka jioni ile uliyofanya mazoezi ya tangazo. Ulinikalisha kwenye kigoda, ukashika kipaza sauti bila kukiwasha. "Ndugu wananchi, eneo hili limepata mwekezaji. Mnapewa wiki moja." Ukaniuliza kama umesema kwa ukali. Nilikujibu kwamba umesema vizuri. Nilikuwa darasa la sita na nilijivunia sana kuwa mtoto wa mwenyekiti. Ukarudia kwa Kisukuma, ukaishia katikati. "Ng'wanawane, mwanangu," ukaniambia, "nenda kamsaidie mama yako jikoni."

Kesho yake ulilitangaza lote. Watu waling'oa mabati, wakakunja maturubai, wakaondoka. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, hatukuguswa. Kisimani hapakuwa na foleni tena, na nakumbuka nilifurahia hilo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatafuta. Mama Sado, jirani yetu aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wali, nilimkuta nje kidogo ya Ushirombo, analima viazi kwenye shamba la watu. Alinipokea vizuri, akanitolea kiti. Nilipomweleza ninachotaka kusomea, alicheka kidogo.

"Sisi utatuuliza tulikotupwa," akasema. "Na kile kiwanja alichopewa baba yako na mwekezaji, utamuuliza nani?"

Sijui kama ulipewa kiwanja, baba. Nilipomuuliza mama, alisema, "Kuna Kahama, kuna Chato. Miji imejaa. Chagua mwingine, umwache baba yako apumzike." Hakusema hukupewa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko usaili wenyewe.

Profesa ninayetaka anisimamie amenidokeza kwamba wataniuliza nina uhusiano gani na mtaa huo. Naweza kujibu kwamba nilikulia karibu. Si uongo, na hakuna atakayefukua zaidi. Nikisema yote, huenda wakaona binti wa mwenyekiti hafai kwenda kuwahoji watu wale, na nafasi yenyewe ni moja. Nikificha, nitarudi vipi kukaa kwenye kile kiti cha Mama Sado?

Nimekukasirikia, baba. Nimekukasirikia kwa kufa na jibu. Halafu nakumbuka ulivyonibeba mgongoni masika, suruali umeikunja hadi magotini, ili nifike shule na soksi kavu, na hasira inanitoka kabla sijamaliza kukasirika. Siku hizi nakupenda kwa shida sana, lakini nakupenda.

Mama amenipigia leo tena. Hakutaja mtaa. Ameniuliza tu kama nimekula, nikajua anaogopa kama mimi.

Kesho nitawaambia kwamba aliyewatangazia watu wale wahame alikuwa baba yangu. Nitawaambia kwamba habari za kiwanja nitazitafuta kama nitakavyotafuta mengine yote, na nikizikuta nitaziandika. Wakininyima nafasi, basi. Sikuombi ruhusa, baba. Nimeona tu usije ukasikia kwa watu.

Binti yako